BARUA PEPE ILIYOVURUGIKA HERUFI: CHANZO NA TIBA YAKE

Chama chetu kimeniomba niandike somo la teknolojia kwa lugha yetu tukufu. Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nina miaka 16 tu, lakini niliyoyaona mwezi wa Januari yanatosha kujaza ukurasa.

Yaliyonipata

Binamu yangu ana saiba ndogo huko Ruiru. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na yeye kama wengi akaweka mfumo mpya kwenye tarakilishi yake wakati wa likizo ya Desemba. Kila kitu kilionekana sawa. Programu ya barua pepe tu ndiyo iliyotaka kupangwa upya, naye akaipanga harakaharaka kwa sababu wateja walikuwa wamepiga foleni.

Januari nikaenda kwake kuandika barua ya kuomba msaada wa karo kwa ofisi moja mjini Thika. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Jina la baba lina herufi ũ mbili, ile u yenye kiwimbi juu tunayoijua sote tunaosema Gĩkũyũ. Niliiandika kama inavyotakikana, tukatuma Jumatano.

Alhamisi mama akapigiwa simu. "Mama, hili jina la mzee ni jina kweli ama ni hesabu?" Kila ũ ilikuwa imegeuka Å©. Aya nazo zilikuwa zimebanana kama abiria wa matatu jioni. Akaambiwa kwamba jina lisipofanana na la kitambulisho, barua itawekwa kando. Niliishiwa na nguvu. Karo ya muhula mzima ilikuwa imening'inia kwenye barua ile.

Herufi husafirije?

Tarakilishi haijui herufi, inajua nambari. Kila herufi hupewa nambari, na nambari hizo ndizo zinazosafiri. Orodha ya kale iitwayo ASCII ina nafasi 128 tu, nazo zinatosha a hadi z. Orodha ya pili, Windows-1252, hutumia baiti moja kwa kila herufi, lakini ilitengenezewa lugha za Ulaya Magharibi. Humo hamna ũ wala ĩ. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, ambayo inaweza kubeba herufi za lugha zote zilizomo katika orodha kuu ya Unicode.

Sasa sikiliza kwa makini. Katika UTF-8, ũ huandikwa kwa baiti mbili: 197 na 169. Barua ikifika bila kutaja kwamba ni UTF-8, programu ya mpokeaji hubahatisha. Ikidhani ni Windows-1252, inasoma 197 kuwa Å na 169 kuwa ©. Basi ndiyo hiyo Å© iliyomshangaza yule mama! Herufi hazikupotea, ni lebo ya mzigo iliyokosewa.

Dalili na maana yake

1. Ukiona Å©, Ä© au â€™, lebo imekosewa. Maandishi bado yamo na yanaweza kuokolewa.
2. Ukiona alama ya kuuliza mahali pa ũ, mara nyingi herufi ilitupwa wakati wa kutuma. Hapo hakuna dawa ila kuandika na kutuma upya.
3. Aya zikibanana, huenda maandishi matupu yamesomwa kama HTML. HTML haijali kwamba ulibonyeza Enter, inataka alama yake maalum ya kukata mstari. Programu nyingine pia huondoa mistari zinayodhani imezidi.
4. Mpokeaji akiona sura tofauti ya maandishi, pengine tarakilishi yake haina fonti uliyotumia, ikachagua nyingine. Hilo si kosa kubwa.
5. Herufi zikiwa ndogo mno kwako peke yako, tazama ukubwa wa maonyesho ya skrini. Barua yenyewe ni nzima.

Tiba hatua kwa hatua

Kwanza, usianze kubonyeza ovyo. Jitumie barua fupi yenye ũ, ĩ na aya mbili, kisha uifungue kwenye simu. Ikiwa nzima kwenye simu lakini mbovu kwenye tarakilishi, huenda kosa liko upande wa kusoma. Ikiwa mbovu kote, yaelekea kosa liko upande wa kutuma.

Pili, ingia kwenye mipangilio ya barua zinazotoka na uchague UTF-8. Sisi tulikuta imewekwa orodha ya Ulaya Magharibi.

Tatu, chagua muundo mmoja, HTML au maandishi matupu, na usiuchanganye katika barua moja.

Nne, jaribu tena kabla ya kumtumia mwenyewe.

Tano, kama barua ni ya maana, ambatisha nakala ya PDF ambayo fonti zimo ndani yake.

Tulifanya hayo yote Alhamisi usiku. Jaribio la tatu ndilo lililofaulu. Ijumaa asubuhi ofisi ikajibu kwamba jina linasomeka. Kama nitapewa karo au la, bado sijaambiwa. Lakini nikikosa, haitakuwa kwa sababu ya Å©.

Somo kwa wanakiswahili

Msidhani ni shida ya Gĩkũyũ peke yake. Programu za kuandikia hupenda kuugeuza ule mkato wa ng' kuwa mkato uliopinda. Mkato ulionyooka umo ndani ya ASCII, haudhuriki. Uliopinda una baiti tatu, na lebo ikikosewa tunapata "ngâ€™ombe". Ukiutoa kabisa mkato huo unaharibu maana: kung'oa ni kutoa kitu kwa nguvu, ilhali ngoa ni wivu au tamaa. Kwa hivyo wahariri wetu, tafadhali kagueni kila ng' kabla ya kuchapa.

Zoezi

1. Kwa nini Å© ni afadhali kuliko alama ya kuuliza?
2. Andika sentensi moja yenye "ng'oa" na "ngoa", uitume kwa rafiki, kisha muulize ameona nini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaherini hadi mwaka ujao, na Kiswahili kitukuzwe!