Kutoka Mageti Hadi Kenchi: Karakana Ndogo na Chuma cha Jengo

Mafundi wengi wa kuchomelea hapa Dar es Salaam tunakula kwa mageti, grili za madirisha na vitanda. Akija mkandarasi na mchoro wa kenchi za ghala, pesa inavutia, lakini pembeni mwa mchoro pameandikwa S275, E7018, ISO 5817 daraja C, yaani aina ya chuma, aina ya rodi na kiwango cha ubora wa mshono. Hapo wengi hurudisha mchoro. Mimi nafanya kazi hizi kwenye karakana ya watu wachache na mashine za inveta za kawaida, na nakuambia mashine si tatizo. Mhandisi anataka kuona ushahidi wa ulichofanya.

Soma maandishi madogo kabla hujataja bei. S275 ni chuma kinachohimili nyutoni 275 kwa milimita ya mraba kabla hakijaanza kuvutika kisirudi, kwa unene usiozidi milimita 16. Chuma cha Kichina cha Q235 kinaishia 235. Kwa macho vinafanana kabisa, ila ukiweka hiki mahali pa kile, umepunguza karibu asilimia 15 ya nguvu aliyoipigia hesabu mhandisi, na yeye hajui.

Kwa hiyo dukani omba cheti cha kiwanda, kisha tafuta namba ya mkupuo wa kuyeyusha iliyo kwenye cheti uilinganishe na iliyogongwa au kubandikwa kwenye chuma chenyewe. Zisipolingana, hicho si cheti cha chuma hicho. Na kabla hujakata, andika namba hiyo kwa peni ya rangi kwenye kila kipande. Ukishakata, namba inabaki upande mmoja tu na vipande vingine vinakuwa yatima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye chuma cha jengo ndivyo ilivyo hasa.

Pima pia. Boriti ya IPE 200 inatakiwa iwe na bawa la milimita 8.5, ukuta wa katikati 5.6, na uzito wa kilo 22.4 kwa mita. Ya mita 6 ni kama kilo 134. Nimewahi kuletewa boriti ya "mia mbili" ambayo kalipa ilisoma chini ya 7 kwenye bawa. Muuzaji akaapa ndiyo hiyo hiyo. Nikairudisha. Pasipo na cheti kabisa na kazi ni kubwa, kata kipande kipelekwe maabara kikavutwe. Gharama hiyo iingize kwenye bei, usiibebe wewe.

Sasa rodi. Fundi aliyezoea 6013 huichukia 7018 kwa sababu inaganda na haiwaki upesi. Dawa yake ni kushika rodi karibu sana na chuma na kuchoma kwa mkondo wa moja kwa moja, rodi ikiwa chanya. Ugumu wenyewe ni unyevu. Ganda la 7018 limetengenezwa liwe na haidrojeni kidogo, na hewa ya pwani yetu inalirudishia maji. Haidrojeni ikiingia kwenye mshono, ufa unaweza kutokea baada ya saa kadhaa au hata siku, wakati wewe umeshapaka rangi na kulipwa. Kanuni ya Kimarekani, AWS D1.1, inataka rodi zikitoka kwenye paketi zikae kwenye oveni isiyopungua nyuzi 120 za Selsiasi, na zikitolewa zisikae nje zaidi ya saa 4. Zikizidi, zikaushwe upya kati ya nyuzi 260 na 430 kwa saa 2, tena mara moja tu. Lile friji bovu lenye balbu ndani la kuwekea rodi, ambalo limejaa mitaani, halifiki popote karibu na hapo. Nunua oveni ndogo ya kubeba. Nikiambiwa nichague kifaa kimoja cha kununua kwanza, ni hicho.

Kwenye mshono wa pembe, angalia herufi. a5 ni koo la milimita 5, na ili ulipate mguu wa mshono uwe milimita 7. z5 ni mguu wa 5, basi. Ukichanganya, mshono wako ni mwembamba na geji ya mkaguzi itakuumbua mbele ya wateja. Pakiwa na mwanya unaozidi milimita 2 kati ya vipande, ongeza mguu kwa kiasi cha mwanya huo.

Mchomeleaji wako apimwe na chombo kinachotambulika, kwa mkao wa wima na wa juu ya kichwa. Akifaulu yote miwili kwenye bamba, mikao mingine ya bamba imefunikwa. Kabla ya kulipia mtihani, mfanyie wa kwako. Chomelea vipande viwili umbo la T, upande mmoja tu, kisha kipige nyundo kilalie mshono mpaka uvunjike. Tazama ndani. Ukiona mstari mweusi wa magamba kwenye kona, au ukingo wa bamba bado mnyoofu kama ulivyokatwa, chuma hakikuyeyuka mpaka kwenye shina. Aendelee na mazoezi.

Boliti sina mengi: kichwani pasomeke 8.8 kama mchoro unavyosema, na usichomelee boliti kufidia tundu lililokosewa.

Usipake praima kabla mkaguzi hajaona mishono. Piga picha kila kiungo namba ikionekana, weka pamoja na vyeti vya chuma, cha mchomeleaji na karatasi ya utaratibu wa kuchomelea yenye ampea, aina ya rodi na mkao. Faili hilo moja limeniletea kazi kuliko kadi za biashara.

Kuna kazi sizigusi: madaraja, njia za kreni, matangi ya presha. Zinahitaji ukaguzi wa mawimbi ya sauti au eksirei na msimamizi wa uchomeleaji aliyesomea. Kama huna hivyo, mwambie mkandarasi mapema, na uombe ngazi, mezanini na kenchi za ghala lile lile.