Shukrani za Kila Siku: Somo Dogo la Afya ya Akili kwa Wakaazi wa Mau Narok

Mkulima wa viazi Mau Narok huzunguka shamba asubuhi akitafuta ubaya: jani lenye baka, shina lililonyauka, weusi ulioachwa na baridi ya usiku. Katika wadi hii ya Kaunti Ndogo ya Njoro, iliyo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, tabia hiyo huokoa mazao. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, dawa hupulizwa mapema.

Shida huanza jioni, macho yaleyale yanapoingia nyumbani. Yanaona karo ambayo haijalipwa, sare iliyoraruka na bei mbaya ya gunia. Hayaoni kwamba maji yamechotwa, ng'ombe amekamwa na mtoto amemaliza kazi ya shule bila kusukumwa. Hii si roho mbaya. Akili ya binadamu hushika baya upesi kuliko jema, kwa kuwa baya ndilo linaloweza kumdhuru. Jema hupita bila kuhesabiwa. Kushukuru kila siku ni kujizoeza kulihesabu na hilo pia.

Utafiti unasema nini?

Mwaka wa 2003, wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu shukrani. Katika jaribio moja, wanafunzi wa chuo waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, la pili mambo ya kuudhi, na la tatu matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora kuliko wenzao, na walikuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki iliyofuata.

Mwaka wa 2005, Martin Seligman na wenzake walieleza zoezi jingine: kila usiku kwa wiki moja, mtu anaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo na sababu yake. Furaha ya walioshiriki iliongezeka na dalili za huzuni zikapungua, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi sita baadaye. Wengine walimwandikia barua mtu aliyewahi kuwatendea wema, wakampelekea wenyewe. Hao walipata furaha kubwa papo hapo, lakini ilififia baada ya muda. Funzo ni kwamba shukrani kubwa ya siku moja haitoshi. Hufanana na palizi, ambayo hurudiwa.

Jinsi ya kufanya zoezi hili

1. Chagua wakati mmoja. Chakula cha jioni kinafaa, kwa sababu watu wengi wa nyumba huwa pamoja.

2. Taja jambo mahususi. "Nashukuru kwa afya" ni maneno mema, lakini husemwa hadi yakakosa uzito. "Nashukuru jirani aliingiza ng'ombe zizini mvua ilipoanza nikiwa sokoni" ni jambo ambalo moyo unaweza kulishika.

3. Uliza limetokea kwa nini. Mara nyingi jibu huwa ni mtu: kibarua aliyechagua mbegu kwa makini, mwalimu aliyebaki darasani baada ya saa, mwendesha bodaboda aliyesubiri.

4. Mwambie mhusika. Shukrani inayobaki moyoni humfaidi mmoja, lakini ikisemwa huwafaidi wawili. Mke, mume na watoto ndio husahauliwa zaidi, kwa kuwa kazi yao huonekana kama haki.

5. Usilifanye mzigo. Kila siku likichosha, mara moja kwa wiki pia ni mwanzo mzuri.

Mambo ambayo shukrani si

Kushukuru si kunyamazia dhuluma. Kanuni za kilimo cha viazi za mwaka wa 2019 zinataka viazi vifungashwe kwa uzito usiozidi kilo 50. Mkulima anayelazimishwa na dalali kujaza gunia kupita kiasi ana haki ya kulalamika kwa afisa wa kilimo, na jioni hiyohiyo akawashukuru waliomsaidia kuvuna. Kadhalika, mtu anayepigwa nyumbani asiambiwe ashukuru kwamba ana ndoa. Anahitaji usalama na msaada.

Kushukuru si dawa ya ugonjwa wa akili pia. Faida yake ni ya kweli lakini ni ya kiasi. Mtu akikaa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, akikosa usingizi au hamu ya kula, au akiwaza kujidhuru, asiambiwe tu kwamba hana shukrani. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, au familia izungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia hutoa ushauri bila malipo kupitia simu nambari 1199.

Neno ambalo kila jirani analo

Njoro ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wanaokumbuka siku hizo wanajua jinsi jirani anavyoweza kugeuka kuwa jina la kabila tu. Shukrani huenda kinyume cha hapo, kwa sababu humtaja mtu kwa alichokitenda: huyu aliniazima pampu ya kupuliza dawa, yule alimbeba mgonjwa wangu usiku. Neno lenyewe halikosekani Mau Narok. Mmoja husema ni wega, mwingine kongoi, mwingine ashe oleng, na wote huelewana kwa asante.

Zoezi la wiki hii

Kila familia imtaje mtu mmoja nje ya nyumba yao aliyewatendea wema mwaka huu na ambaye hakushukuriwa ipasavyo. Kabla ya Jumapili, mmoja wao aende amwambie, akilitaja jambo lenyewe. Akiweza, aanze na yule ambaye wamekuwa wakisalimiana naye kwa mbali tu.