SOMO LA LEO: Kisu cha kubangulia korosho, jaribu korosho 100 kabla hujatoa hela

Wafanyabiashara wenzetu wa Chunyu, Ruangwa, Nachingwea na kwingineko, wewe unayebangua mwenyewe na kuuza korosho za pakiti WhatsApp na Instagram, leo tuongelee kisu. Wengi tunahangaika na vifungashio na picha kali, wakati faida inaanzia kwenye kisu cha mashine. Korosho nzima ina bei yake, kipande kina bei ya chini. Kisu kibovu kinageuza nzima kuwa vipande kabla hujapiga hata picha moja.

Mashine ndogo ya mkono ina visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho. Unaweka korosho katikati, unabana, visu vinakata ganda huku na huku, kisha unalifungua. Kisu kinatakiwa kikate ganda tu, kiishie hapo. Kikizama kinapasua korosho ya ndani. Kikikwaruza juu juu, utaanza kugongagonga, nayo itavunjika.

ANGALIA HAYA UKINUNUA

1. Chuma. Kiwe kinene, kisipinde ukikibana. Muulize fundi katumia chuma gani. Chuma cha springi ya gari kikitengenezwa vizuri kinadumu na kinanoleka. Bati usichukue.

2. Visu vitazamane. Bana mashine bila korosho, iangalie kwenye mwanga. Nafasi kati ya visu iwe sawa mwanzo hadi mwisho. Kimoja kikienda upande, hapo utavuna vipande.

3. Bolti. Visu viweze kusogezwa, maana korosho hazilingani, na viweze kufunguliwa vikanolewe. Kisu kilichochomelewa moja kwa moja kikiisha, na mashine imeisha.

4. Mpini. Uwe mrefu na usiteleze. Mkono wako utakuwa na mafuta siku nzima.

JARIBIO LA KOROSHO 100

Nenda kwa fundi na korosho zako mwenyewe: zimeshapikwa kwa mvuke, zimepoa, zimekauka, na ni za saizi moja. Bangua 100, hesabu nzima. Rudia kwenye mashine nyingine. Tuseme ya kwanza imekupa nzima 85, ya pili 65. Hizo ni 20 zinazopotea bei katika kila 100. Na kumbuka, kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi ndizo zinatoa kilo 1 tu ya korosho safi. Chukua bei yako ya nzima, toa bei ya vipande, uone baada ya kilo ngapi ile mashine ya bei rahisi inakuwa ndiyo ghali.

HAPA USIFANYE MCHEZO

Mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi. Vaa glavu, au jipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza. Kisu kilichobangua kisitumike kumenya lile ganda laini la ndani. Kisu cha kumenyea kiwe kingine, kidogo, kisichoshika kutu, na kikae mbali na mashine. Mafuta yale yakigusa korosho, mteja anaungua midomo. Huyo harudi, na atawaambia wenzake.

Ukimaliza kazi, futa visu kwa kitambaa na majivu makavu. Mafuta yakigandia, kesho kisu hakikati, kinaponda.

Vipande vitakavyopatikana usivifiche chini ya pakiti ya nzima. Vifunge peke yake, andika "vipande", watangazie wapishi wa keki. Vinatoka vizuri tu.

Kama ndiyo unaanza, ulizia mashine na mafunzo ofisi za SIDO mkoani Lindi au Mtwara, na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele.

Sasa kazi kwako: bangua 100 leo, halafu tuandikie hapa chini umepata nzima ngapi. Mtumie somo hili mwenzako anayetaka kununua mashine wiki hii.