FUMBO LA MANENO NA MIFUGO YETU

Kuna watu wanaoanza gazeti kwa kurasa za nyuma ili wasome kandanda. Mimi hutafuta fumbo la maneno: ule mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi, na vidokezo vya mlalo na vya wima kando yake. Gazeti hutoka Nairobi kwa basi, karibu kilomita 370, na maktabani tunalipata kesho yake likiwa limekunjwakunjwa. Haidhuru. Fumbo halichachi.

Mchezo huu ulianzishwa na Mwingereza Arthur Wynne katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913, na fumbo lake lilikuwa na umbo la almasi. Lakini nia yangu ni kueleza jinsi ya kulifumbua kwa Kiswahili, maana lugha hii ina njia zake za mkato.

Muhula uliopita tulipata fumbo la mada moja: Mifugo. Wee! Tulishangilia. Nani atatufundisha mifugo sisi watu wa Garissa, ambao soko letu la mifugo linajulikana hadi Nairobi? Kumbe wanyama tunawajua kwa Kisomali tu.

Chukua kidokezo hiki: "Mtoto wa ngamia (5)". Kwetu huyo ni nirig, herufi 5, na N ilikuwa imeshaingia chumba cha kwanza. Mwenzangu akainua kalamu. Hapo sheria ya kwanza ikatuokoa: karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Hata kama hujui lolote, chumba cha mwisho karibu kila mara ni a, e, i, o au u. G haikai pale. Jibu ni NDAMA, jina lile lile la mtoto wa ng'ombe. Kwa mfugaji wa ngamia halitoshi hata kidogo, lakini vyumbani lilitosha.

Sheria ya pili ni ngeli, zile zile tunazolalamikia darasani. "Yakiganda huitwa mtindi (6)". Tazama ya- tu, utajua neno linaelekea kuanza kwa ma-: MAZIWA. "Limezungushiwa miiba (4)". Hiyo ni li-, lakini ni zizi au boma? Yote mawili yana herufi 4, yote mawili yako katika LI-YA. Usijaze kwa wino! Tulingoja mpaka Z ya MAZIWA ikaangukia chumba cha kwanza, boma likajiondokea. Mtungaji mjanja huandika "Hukamwa asubuhi", kwa sababu hu- haibadiliki kwa ngeli yoyote na hapo huambulii kitu. Wanyama nao wote hupatana kwa a-, awe ngamia au kondoo, kwa hivyo katika mada hii a- haikudokezei herufi ya kwanza. (Na kibainishi cha ng'ombe hakipewi chumba. Ng'ombe ana vyumba 6, basi.)

"Humfanya mtu asikubali kushindwa (3)" ni ARI. Tulicheka mpaka tukafukuzwa maktabani, maana kwa Kisomali ari ni kondoo na mbuzi.

Yaliyotutoa jasho ni mawili, yote ya herufi 6, yote yakianza kwa M: "Ng'ombe jike ambaye hajazaa" na "Dume aliyehasiwa". Hapa hakuna njia ya mkato, ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu tu. La kwanza ni MTAMBA, la pili MAKSAI.

Mtamba lilinigusa. Mjomba wangu huuza ng'ombe sokoni, na Kiswahili chake ni cha kuhesabu pesa. Siku moja mnunuzi alimwuliza, "Mzee, huyu ni mtamba au ni tasa?" Mjomba alidhani anaulizwa habari ya ugonjwa, akasema, "Hapana, hapana." Mnunuzi akasikia hapana mbili, akaenda kununua kwa jirani. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mtamba mzima kabisa, hana ila.

Jioni ya siku ya fumbo nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akauliza linaandikwaje. Sasa liko nyuma ya daftari lake la mauzo, kwa mwandiko wake mwenyewe: mtamba, maksai, tasa.