Somo la Mwezi: Ujira wa Dalali
Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 23; 2 Wafalme 5:15–27; Yeremia 32:6–15



Mwezi huu twataka kutazama jambo lisilohubiriwa mara nyingi mimbarani, nalo limetenga ndugu wengi: malipo ya dalali, mtu anaponunua nyumba iliyokwisha kukaliwa na mwingine. Wengi wetu hapa Mabawe tulikulia katika nyumba zilizojengwa na baba zetu, wala hatukuhitaji mtu wa kutuonyesha. Siku hizi mtumishi huhamishwa, mjane huuza ili awafuate watoto wake, kijana hurudi kutoka mjini na akiba yake. Nyumba imekuwa na bei, na kati ya muuzaji na mnunuzi amesimama mtu wa tatu. Ugomvi hauanzi siku ya kuonyeshana nyumba. Siku hiyo wote hucheka. Huanza siku ya kuhesabu fedha. Tumeona watu wa mtaa mmoja wakiacha kupeana mkono wa amani ibadani kwa ajili ya ujira wa namna hii.

Neno dalali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtu aonyeshaye au aongozaye. Ni ndugu wa neno dalili. Basi kazi yake ni kuonyesha: huyu ana nyumba, huyu anaitafuta. Si kazi ya aibu. Katika Mwanzo 23 Ibrahimu, mgeni katika nchi, amefiwa na Sara naye hana mahali pa kuzika. Hakwenda moja kwa moja kwa Efroni, mwenye shamba la Makpela. Aliwaomba wana wa Hethi wamsemee. Mgeni huhitaji mtu wa kumsemea hata leo.

Lakini tazameni jinsi mapatano yale yalivyofanyika. Yalifanyika langoni pa mji, watu wote wakisikia. Bei ilitajwa kwa kinywa cha mwenye shamba mwenyewe, shekeli 400 za fedha, na Ibrahimu akazipima mbele ya macho yao. Shamba, pango, hata miti iliyokuwa mipakani, vyote vilitajwa. Wale waliomsemea hawakuwa na bei yao ya pembeni. Hapo ndipo biashara yetu ya leo inapoachana na ya Ibrahimu.

Tuseme mama mmoja anauza nyumba yake, naye amemwambia dalali kwamba ataridhika na shilingi 15,000,000. Dalali anamwambia mnunuzi kuwa bei ni shilingi 18,000,000. Ile 3,000,000 ya katikati watu wa mjini huiita "cha juu". Kisha anamwomba mama asilimia 5 ya bei anayoijua, yaani shilingi 750,000. Na mnunuzi naye anaombwa asilimia 5 ya 18,000,000, yaani 900,000. Jumlisheni wenyewe: shilingi 4,650,000, karibu robo ya fedha zote alizotoa mnunuzi, na kila mmoja anadhani alilipa kidogo. Siku wawili hao wanapokutana kisimani au sokoni na kulinganisha bei, moto unawaka. Mara nyingi humlaumu dalali kwa wingi wa fedha alizopata. Sisi twaona kosa halipo katika wingi. Kama angalisema waziwazi tangu mwanzo, "Mama, wewe chukua 15,000,000, kinachozidi ni changu," na mama akakubali, na mnunuzi asidanganywe kuwa yote ni ya mama, hayo yangalikuwa mapatano. Ubaya umo katika kuficha.

Hiyo ndiyo dhambi ya Gehazi. Elisha alikuwa amekataa zawadi za Naamani. Gehazi akamkimbilia yule mgeni na kusema kwa jina la bwana wake, akitunga habari za vijana wawili waliofika kutoka milimani Efraimu. Akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akavificha nyumbani, kisha akaenda kusimama mbele ya Elisha kana kwamba hakwenda popote. Alitumwa na mmoja, akajilipa kwa mwingine, kwa jina la yule wa kwanza. Someni tena mstari wa 25 na kuendelea, muone jinsi Elisha alivyomwuliza kabla ya kumhukumu.

Sheria ya nchi nayo yasema karibu neno lile lile. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, inamhesabu mtu wa namna hii kuwa wakala wa yule aliyemtuma. Wakala akijifanyia biashara yake mwenyewe ndani ya kazi aliyotumwa, bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma aweza kuidai faida ile. Na wakala aliyekosa uaminifu katika kazi yake hupoteza haki ya ujira wa sehemu ile aliyoiharibu.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana hapa Wakristo tu wepesi wa kujihurumia. Dalali ametembea jua kali, amekupeleka nyumba nne, ya tano umeipenda. Usiku wewe na mwenye nyumba mnapigiana simu: "Kwa nini tumpe huyu? Tumalizane wenyewe." Baada ya miezi miwili mnauziana, na dalali anaambiwa kuwa nyumba ile haikuuzwa tena. Walawi 19:13 yakataza kuuweka ujira wa mtu hata asubuhi; itakuwaje kwa ujira usiolipwa kabisa? Bwana wetu alisema katika Luka 10:7 kwamba afanyaye kazi astahili malipo yake, wala hakuweka kando kazi ya miguu na maneno. Kama ni yeye aliyewakutanisha, na ununuzi umetoka katika kukutana huko, ujira mlioahidi ni deni, hata kama hakuwapo siku ya kutia sahihi.

Swali gumu zaidi ni hili: ununuzi ukivunjika, dalali hulipwa? Sheria yetu yasema kwamba pasipo mapatano mengine, ujira wa wakala haudaiwi mpaka kazi aliyopewa imekamilika. Waingereza walilipima jambo hili katika kesi mashuhuri ya mwaka 1941, ya Luxor (Eastbourne) na Bwana Cooper. Huyu alileta mnunuzi wa majumba mawili ya sinema kwa bei isiyopungua pauni 185,000, naye aliahidiwa pauni 10,000 mauzo yakikamilika. Wenye majumba wakaacha kumwuzia mtu wake. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, likasema hana dai: aliahidiwa malipo ya mauzo, na mauzo hayakuwapo.

Kwetu mauzo huvunjika kwa sababu nyingine. Mume anauza nyumba wanamoishi, mke hajaulizwa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu kufanya hivyo bila ridhaa yake. Au nyumba imo katika ardhi ya kijiji, nayo Halmashauri ya Kijiji haijashirikishwa, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka. Dalali mwema huuliza mambo hayo kabla ya kumwonyesha mtu mlango. Asiyeuliza asilalamike sana akikosa ujira. Lakini mwenye nyumba aliyejua kuwa mkewe hataki, akamchosha mtu wa watu mwezi mzima, sheria ikimwachilia asidhani dhamiri nayo imemwachilia. Angalau amrudishie nauli yake.

Kuna pia fedha ya kuonyeshwa nyumba, ambayo wengine huitoza hata kama hukununua. Hiyo ni ndogo. Ulizeni kabla ya kuondoka nyumbani, basi.

Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 1984 ya kuandikisha mawakala wa nyumba chini ya bodi maalum. Dalali wa kijijini kwetu mara nyingi ni jirani tu mwenye simu na miguu myepesi, na kinga yetu ni karatasi. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli, kwa shekeli 17, Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na Wababeli. Hata hivyo aliandika hati, akaweka mashahidi, akapima fedha, akamkabidhi Baruku hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, zikatiwa katika chombo cha udongo zidumu. Kama yeye hakuona haraka ya vita kuwa udhuru, sisi tuna udhuru gani? Ukurasa mmoja wa daftari watosha: nani amemtuma dalali, nani atamlipa, muuzaji, mnunuzi au wote wawili, na kila mmoja ajue la mwenzake, ni kiasi gani kwa shilingi, maana asilimia huzua ubishi wa "asilimia ya bei ipi", na atalipwa lini, siku ya malipo ya kwanza au ya mwisho. Watie sahihi watatu na mashahidi wawili. Mapatano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba halali, lakini mbele ya hakimu kila mdomo hukumbuka vyake.

Ugomvi ukiisha kutokea, Mathayo 18:15–17 yatupa njia: wewe na yeye peke yenu, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Wazee wa kanisa watakaokaa nao waombe kwanza karatasi, wasianze na machozi ya mtu ye yote. Ikishindikana, deni la ujira ni dai la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo yaweza kulisikiliza kwa viwango vilivyowekwa. Paulo katika 1 Wakorintho 6 alihuzunika kuona ndugu wakishtakiana, hata akauliza kwa nini wasikubali kupata hasara. Neno hilo ni zito, na twaomba lisitumiwe na mwenye deni kumnyamazisha anayemdai.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Wale wana wa Hethi waliomsemea Ibrahimu, je, ingalikuwa vibaya kama wangalilipwa? Gehazi angaliweza kupata kitu kwa Naamani kwa njia gani iliyo halali? Na kama katika kikundi chenu yumo dalali, aulizwe yeye kwanza: ni mara ngapi amezungukwa, na ni waumini wangapi waliomzunguka?