SOMO: TUCHAGUE MBEGU ZA BUSTANI KABLA YA MVUA



Hapa kwetu Ngara na Biharamulo mvua za vuli huanza mwezi wa Septemba. Miaka mingine huchelewa mpaka Oktoba. Mvua ikishanyesha, kila mtu hukimbilia shamba la mahindi na maharage. Bustani ya mboga hukumbukwa mwishoni. Kwa hiyo kazi ya kuchagua mbegu ifanyike mapema, kabla ya mvua.

Mfano

Tuseme bwana mmoja amekwenda gulioni. Ameona pakiti yenye picha ya kabichi kubwa. Amenunua pakiti tatu za kabichi, wala hakununua mbegu nyingine. Nyumbani mkewe anamwuliza:

"Baba watoto, hizi tutazila lini?"

"Zikikomaa, mama. Hukuona picha yake?"

"Nimeiona. Lakini mwezi wa kumi watoto watakula ugali na nini? Na picha?"

Mama huyo amesema kweli. Kabichi huchukua miezi mitatu hadi minne tangu kusia mbegu. Ukisia Septemba, utakula Desemba au Januari. Tena hukomaa karibu zote pamoja. Mtakula kabichi mpaka mchoke, na nyingine zitapasuka na kuoza bustanini. Kumbe miezi yote ya nyuma mmekula ugali kwa chumvi. Mtoto anayekosa mboga za majani na matunda anaweza kukosa vitamini A. Ukosefu huo ukizidi, jioni haoni vizuri, na mwishowe anaweza kupofuka.

Basi usianze na picha. Anza na swali hili: mboga hii itaingia chunguni lini?

Makundi matatu ya mboga

1. Mboga za haraka. Mchicha huliwa baada ya wiki 3 au 4. Mnafu huliwa baada ya wiki 4 hadi 6. Usisie mbegu zote siku moja. Sia nusu ya tuta leo, na nusu nyingine baada ya wiki 2. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane.

2. Mboga za kuchuma muda mrefu. Hizi ni sukuma wiki, nyanya chungu na maboga. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4 au 5, kisha hupandikizwa. Chuma majani ya chini, acha kilele. Utachuma kwa miezi mingi. Maboga nayo ni chakula mara tatu: majani, boga lenyewe na mbegu zake.

3. Mboga za kungoja. Hizi ni kabichi, karoti, vitunguu na nyanya. Milimani Ngara kuna baridi kidogo, hivyo kabichi na karoti hukubali. Sehemu za Biharamulo zenye joto zinafaa zaidi kwa bamia, nyanya chungu na maboga. Nyanya na mvua nyingi hazipatani, kwa sababu majani yenye maji muda mrefu hushikwa na ukungu. Wakati wa vuli panda miche michache tu. Miche mingi ipande mvua zinapokwisha, kama unayo maji ya kumwagilia.

Chagua angalau mboga moja katika kila kundi. Hapo chungu hakitakosa mboga.

Soma pakiti, pima mbegu

Ndugu, kisomo ulichopata kitakusaidia hapa. Kabla ya kutoa fedha, soma maandishi ya pakiti. Tafuta jina la mbegu, tarehe ya mwisho ya kutumika na lebo ya TOSCI. Hiyo ni taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kama tarehe imepita, rudisha pakiti mezani. Kama imeandikwa "chotara", elewa kwamba mbegu utakazokamua mwenyewe hazitazaa sawa na mama yao. Mbegu zilizopakwa rangi zina dawa. Usizile, wala usizipe kuku.

Mbegu ulizotunza nyumbani zipime. Weka mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 7 hadi 10. Zikiota 16 au zaidi, ni nzuri. Zikiota 10, ni nusu tu, kwa hiyo sia mara mbili ya kawaida. Zikiota 5, tafuta nyingine.

Na maua je?

Wengine husema, "Maua ya nini? Hayaliwi!" Tazama boga. Mboga hii ina maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Nyuki asipopeleka chavua kutoka ua dume hadi ua jike, kiboga hunyauka na kuanguka. Watu husema mmea umerogwa, kumbe nyuki hawakufika.

Kwa hiyo panda alizeti chache pembeni mwa bustani, mahali ambapo kivuli chake hakitafunika mboga. Nyuki watakuja. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Usipulize dawa ya wadudu saa hizo, utaua nyuki.

Ua jingine ni tagetesi, lenye rangi ya njano au ya chungwa na harufu kali. Ni ndugu wa bangimwitu. Hupunguza minyoo midogo ya udongoni inayofanya vifundo kwenye mizizi ya nyanya. Lakini mche mmoja hautoshi. Jaza tuta zima kwa msimu mmoja, kisha msimu unaofuata panda nyanya hapo.

Hesabu

Tuta lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Unapanda sukuma wiki mistari 2. Mche wa kwanza uko robo mita kutoka ukingoni, na kila mche uko nusu mita kutoka kwa mwenzake. Kila mstari una miche 10. Jumla ni miche 20. Usioteshe miche 200 kwa tuta la miche 20.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka jana nyumbani kwako mlikosa mboga miezi gani?
2. Mboga zipi zingeziba miezi hiyo?
3. Nani kijijini anatunza mbegu nzuri za mnafu au maboga? Mtagawanaje mbegu hizo?

Kazi: Andika katika daftari mboga tatu utakazopanda, tarehe ya kusia, na mwezi wa kula. Msomee mwenzako wa nyumbani. Akiuliza, "Tutazila lini?" uwe na jibu.