Mafuta ya Mwaka 2050: Namna ya Kusoma Makadirio

Novemba 2025, Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lenye makao Paris, lilitoa ripoti yenye majibu mawili kwa swali moja. Sera za leo zikibaki zilivyo, dunia itatumia mapipa milioni 113 ya mafuta kwa siku ifikapo 2050. Serikali zikitekeleza na sera zilizokwisha kutangazwa, matumizi yatafika kileleni karibu na 2030. OPEC, muungano wa nchi zinazouza mafuta, ulikwisha kutaja milioni 120 mwaka uliotangulia.

Zaidi ya nusu ya mafuta hayo huchomwa na magari, meli na ndege, kwa hiyo tofauti hiyo inamgusa kila anayelipa nauli. Ukikutana na tarakimu kama hizi gazetini, uliza kwanza: mtabiri amedhani serikali zitafanya nini?

Kisha itazame hesabu yenyewe. Watabiri huzidisha umbali ambao watu na mizigo watasafiri kwa nishati ambayo kila chombo hutumia kwa kilomita. Umbali hufuata kipato na idadi ya watu, na haubishaniwi sana. Ubishi mkubwa uko kwenye chombo.

Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi za umeme. Gari linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100 limemaliza uniti zaidi ya 60, nyingi zikipotea kama joto. Gari la umeme la ukubwa huohuo huenda mwendo huo kwa uniti 15 hadi 20. Maana yake safari zinaweza kuongezeka huku nishati ya usafiri ikipungua, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Ila nishati inayopotea kwenye mtambo wa kufua umeme huhesabiwa katika sekta nyingine, usidhani imetoweka.

Usichanganye pia mauzo na magari yaliyopo barabarani. Mwaka 2024 zaidi ya gari moja kati ya matano mapya yaliyouzwa duniani lilikuwa la kuchajiwa, lakini magari ya zamani yataendelea kutembea kwa miaka mingi. Kwetu Afrika Mashariki hili lina uzito wa pekee. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, mengi yakitoka Japani. Gari litakalosajiliwa huko 2028 linaweza kushushwa Mombasa mwaka 2035, likaendelea kunywa petroli kwa muda mrefu baada ya hapo. Makadirio ya kanda yetu yasiyohesabu mitumba hiyo yana kasoro kubwa.

Mwisho, angalia tarehe ya ripoti. Mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Makadirio yaliyochapishwa kabla ya uamuzi huo bado yanasambazwa, yakiihesabu nchi hiyo kama vile hakuna kilichobadilika.